Mama alipotolewa mpira kooni, tukamkimbizia maji

Jana usiku dada mmoja wa Malindi kanitumia ujumbe, babake katolewa mpira wa mashine ya kupumua baada ya opresheni na sasa kila akinywa maji anapaliwa. Nililia kuusoma, manake hayo yashanipata.

Mama yangu ana miaka 76. Alipasuliwa tumbo Mombasa akakaa na mpira kooni siku 6. Ulipotolewa tu akaomba maji, na sisi kwa mapenzi tukampa gilasi nzima, hata hakukohoa, tukashukuru Mungu. Kumbe yameteremkia mapafuni. Koo likikaa na mpira zaidi ya siku 2 laweza kulegea na kufa ganzi, na mzee ndo zaidi, misuli ishapungua, kitu kinapita njia ya pumzi na kikohozi hakiji. Homa, nimonia, wiki mbili tena kitandani. Wodini hakuna aliyetuonya, na mpaka leo yaniuma.

Aliyetuokoa ni mtaalamu wa kuongea na kumeza, mimi hata sikujua kuna kazi hiyo. Muulizieni KABLA ya tone la kwanza jamani!

Tulipovuka kwa boti kutoka Mokowe kurudi kwetu Amu (Lamu), nikaanza kumlisha hivi: Mama kakaa wima, yuko macho kabisa, nusu kijiko kidogo kwa mara moja, kidevu akishusha kifuani (yeye alipimwa akaambiwa hivyo, si kila mtu), ameze kwa nguvu, mimi nimeweka vidole viwili kooni nangoja kikoromeo kipande juu kisha kishuke. Alafu, "Mama, sema aaa." Sauti ikitoka ya majimaji kama mtu anasukutua, naacha hapo hapo. Na halazwi mpaka nusu saa ipite.

Uji mzito na bokoboko ya ngano iliyopondwa laini vilitangulia maji. Watu hudhani maji ndo rahisi, maji yanakimbia, koo chovu haliwahi kujifunga. Na mswaki kila siku hata kama hali kitu, uchafu wa mdomo ukishuka na mate ndo huo nimonia.

Jamaa walisema namtesa, ati namnyima mzee maji. Nilinyamaza. Nawe dada nyamaza, shika kijiko chako, usimuonee mgeni haya kwa roho ya babako.

Wiki ya 7 kapimwa tena, karuhusiwa. Jioni muuza kahawa kapita akigonga vikombe, Mama akaniita, "Mwanangu, nitilie." Kanywa polepole kikombe kizima, nikamwambia sema aaa, akasema aaa, safi.