"Awkwardly" si "vibaya" kila mara

Kuna neno moja la Kiingereza lililonikosanisha na akina mama wa chama kizima kwa muda wa dakika kumi hivi. Tangu siku hiyo silitafsiri kabla ya kulitazama mara mbili.

Ilikuwa Manyatta, hapa Kisumu, kwenye mkutano wa chama kinachoendesha kibanda cha maji. Mgeni kutoka Uingereza aliyekaa nao wiki kadhaa akiwasaidia kupanga hesabu alikuwa amesharudi kwao, akawaandikia barua ya shukrani. Chama kina Wajaluo, Waluhya na Wakisii, kwa hiyo mambo yao huenda kwa Kiswahili, nami niliombwa niisome huku nikitafsiri. Nikafika mahali aliposema anakumbuka jinsi walivyosalimiana "awkwardly" siku ya kwanza. Nikatamka bila kusita: "Nakumbuka jinsi mlivyonisalimu vibaya siku ile ya kwanza."

Minong'ono ikakatika. Mweka hazina, mama wa makamo ambaye ndiye aliyempikia mgeni karibu kila siku, akaweka kikombe chake cha chai chini. "Mwanangu," akaniuliza, "tulimkosea nini?"

Hawakumkosea kitu. Siku ile mgeni alifungua mikono akitaka kukumbatia, mama akanyoosha wake wa kusalimu. Mgeni alipobadili akatoa mkono, mama naye akawa ameshafungua mikono yake. Wakagongana mabega, wakacheka. Nilikuwepo, niliyaona yote, na bado neno lilinipotosha.

Nilipolitafuta kosa langu nililikuta kwenye mpira. Mchezaji akiruka kupiga kichwa kisha akashukia upande wa mguu, mtangazaji wa Kiingereza husema "he landed awkwardly", na wa Kiswahili husema "ametua vibaya". Wote wawili wako sawa. Nilikuwa nimezibeba sentensi hizo mbili kichwani tangu utotoni kama pacha, nikaamini kwamba popote litakapokuja neno la kwanza, la pili linalifaa. Lakini mguu ukitua vibaya kinachoumia ni kifundo. Mtu akiambiwa amesalimu vibaya, ameambiwa hana adabu.

Asili ya neno hili ndiyo iliyonifungua macho. Linatokana na "awk", neno la Kiingereza cha zamani lililotoka kwa watu wa Skandinavia, lenye maana ya kitu kilichogeuzwa, kilichoelekea upande usio wake. Kipande cha "ward" ni kile kile kilichomo katika "backward" na "homeward", yaani kuelekea mahali fulani. Kwa hiyo ndani ya neno hamna ubaya. Mna mwelekeo. Jambo limekwenda kombo, au kama tusemavyo, limekwenda ndivyo sivyo. "Awk" lilitumika pia kwa pigo la mkono wa kushoto, na Kiingereza kimechukua kwa Wafaransa neno "gauche", ambalo kwao ni kushoto, kumwelezea mtu asiyejua namna ya kujiweka mbele za watu. Kiswahili nacho kimewahi kuuita mkono wa kulia mkono wa kuume na wa kushoto mkono wa kike. Naona lugha nyingi zimeuonea mkono huo. Mdogo wangu anautumia kushona nguo, na ni fundi hodari.

Basi ushauri wangu kwa makarani, walimu, wanafunzi na hasa wakalimani wa kanisani, wanaosimama kando ya mhubiri bila nafasi ya kufungua kamusi, ni huu: ukilisikia neno hili, jiulize kwanza ni nini kilichokwenda kombo. Kama ni mwili, "vibaya" litakufaa mara nyingi: ameanguka vibaya, amekaa vibaya, ameshika jembe vibaya. Kama ni kitu kilichowekwa pasipofaa, sema hivyo hivyo: meza imewekwa mahali pa kuwasumbua wapitaji. Kama ni maandishi, "an awkwardly worded letter" ni barua ambayo maneno yake yamepangwa kwa namna inayomkwaza msomaji. Huenda habari iliyomo ni njema kabisa.

Panapohitaji subira ni pale kilichokwenda kombo kinapokuwa kati ya mtu na mtu. Hapo Kiswahili hakina neno moja linalobeba yote, na sioni kama ni upungufu, kwa sababu kinakulazimisha kutazama. Aliyetabasamu "awkwardly" huenda ametabasamu kwa haya, au kwa kujilazimisha, au amebabaika akakosa la kusema. Aliyejibu "awkwardly" huenda amesitasita, au ameumauma maneno. Kutahayari ni kuzito zaidi, kwa sababu mna aibu ndani yake, na "awkwardly" si lazima liwe na aibu. Mama wa Manyatta hakutahayari hata kidogo. Alibabaika, akacheka.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi, nalo nimelikuta katika ripoti nyingi za wageni wanaotembelea vijiji vya huku kwetu. Mgeni anaandika kwamba kijana alisimama "awkwardly" mlangoni wala hakuingia mama mkwe wake alipokuwa sebuleni. Kwa Wajaluo na kwa Waluhya wengi, mkwe na mama mkwe wana heshima yao: hawakaribiani ovyo, na wengine hawapeani mikono. Kijana yule hakubabaika. Alifanya alichofunzwa. Aliyekosa raha ni mwandishi, naye akamvisha kijana hali yake mwenyewe. Ukiitafsiri sentensi hiyo "alisimama kwa kubabaika" umemnyang'anya kijana heshima yake. Mimi huandika "alisimama mlangoni", kisha namweleza mwandishi kwa nini neno lake halikupita. Wapo watakaosema mfasiri hana ruhusa hiyo. Nafikiri anayo, almuradi asiifanye kwa siri.

Kwa wanaoandika Kiingereza wenyewe, yapo mawili matatu. Neno hili hueleza namna jambo linavyotendwa, kwa hiyo hukaa na kitenzi cha kutenda, na mara nyingi hufuata nyuma yake: "she smiled awkwardly". Ukitaka kusema unavyojisikia, andika "I feel awkward". Nimesahihisha "I feel awkwardly" kwenye insha za watoto wa sekondari mara nyingi sana, na nadhani huandikwa hivyo kwa sababu neno refu linaonekana kuwa na alama nyingi zaidi. Likitangulia sentensi nzima na kufuatwa na mkato, linatoa maoni ya mwandishi kuhusu jambo lote. "Awkwardly, the two bidders were brothers" haisemi kwamba ndugu hao walikuwa wazito wa mikono. Inasema kwamba jambo la kutatiza ni kuwa waliotaka zabuni ile walikuwa ndugu. Na mwanafunzi anayetunga hadithi, kabla ya kuliandika, ajaribu kutuonyesha mkono ulionyooshwa ukakosa wa kuushika. Akifaulu, neno lenyewe huenda lisihitajike tena.

Barua ile niliomba kuisoma upya papo hapo. Niliwaambia akina mama kwamba kosa ni langu, si la mgeni, kisha nikasoma: "Nakumbuka jinsi tulivyobabaika kusalimiana siku ya kwanza, hakuna aliyejua mwenzake anataka kukumbatiwa au kupewa mkono." Mweka hazina akasimama, akafungua mikono, akairudisha, akanyoosha mmoja, jirani yake akampokea, na chumba kizima kikaangua kicheko. Kisha akaniomba nimwandikie tafsiri hiyo kwa mkono, akaikunja na kuitia ndani ya daftari la hesabu.