Uliza Ujibiwe: Eti Muingereza naye alivamia nchi ya watu 1940?

SWALI: Kaka habari za kazi. Hapa kijiweni kwetu Mbagala Rangi Tatu tunabishana wiki nzima sasa. Kuna mzee mmoja muuza kahawa anasema vita ya pili ya dunia ilivyoanza kulikuwa na kanchi huko juu kwenye barafu, Iceland, hakana jeshi kabisa, na aliyekavamia sio Hitler ni Muingereza. Mimi nikamwambia mzee hapo umetupiga kamba, Muingereza si ndio alikuwa anapigana na wavamizi? Tumewekeana kreti ya soda. Tuamulie, na utuambie mwaka ule wa kwanza watu wa kule waliishije.
Msomaji, Mbagala

JIBU: Mdogo wangu, anza kutafuta hela ya soda.

Mzee yuko sahihi. Iceland ya 1940 ilikuwa na watu kama 120,000 hivi. Uwanja wa Mkapa unaingiza 60,000, yaani ukiujaza mara mbili siku ya Simba na Yanga nchi nzima imeisha, na vichanga humo humo. Jeshi hawana, wana polisi tu na viboti vya doria vya kufukuza wanaoiba samaki. Tangu 1918 walikuwa na nchi yao ila mfalme ni wa Denmark na mambo ya nje anawafanyia Denmark. Sasa tarehe 9 Aprili 1940 Mjerumani akaingia Denmark, mfalme akabaki mikononi mwa adui, kesho yake bunge lao likakaa likasema basi madaraka ya mfalme tunayashika wenyewe. Muingereza akawaambia njooni upande wangu, wakajibu ahsante, sisi hatuna upande.

Hilo jibu halikumpa usingizi. Mjerumani alishaanza kuichukua Norway, na akiipata na Iceland anakaa katikati ya njia ya meli zinazoleta chakula na silaha Uingereza kutoka Canada na Marekani. Kwahiyo alfajiri ya tarehe 10 Mei wakashuka wanamaji 746 wa Muingereza bandarini Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, wengi vijana wapya kabisa na wametapika njia nzima kwa mawimbi. Na wala haikuwa siri tena maana ndege yao ilitangulia kuzunguka juu ya mji ikaamsha watu, wakajaa bandarini kushangaa kama sisi tunavyojaa kwenye ajali. Hapo ndipo balozi mdogo wa Uingereza akamuomba polisi wa Iceland awasogeze watu nyuma kidogo askari wapate pa kushukia, na polisi akawasogeza kweli! Mimi hiki kipande nikikisoma huwa nacheka halafu najisikia vibaya. Upande wa pili wa mji balozi mdogo wa Ujerumani, Gerlach, alikuwa anachoma makaratasi yake ndani ya sinki la kuogea.

Siku hiyo hiyo Mjerumani kaingia Uholanzi na Ubelgiji, na Churchill kawa waziri mkuu kule London, kwahiyo nani angeiona Iceland.

Serikali yao ikaandika malalamiko rasmi kwamba mmetuvunjia uhuru wetu. Jioni waziri mkuu Hermann Jónasson akaongea redioni akawaomba wananchi wawachukulie wale askari kama wageni. Sisi tunasema mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, sasa huyu mgeni ndiye aliyegawa majembe. Unajua kabla ya hapo hali ilikuwa mbaya, samaki wao wa chumvi walikuwa wanauza Hispania, vita ya wenyewe kwa wenyewe ya kule ikaua soko, watu wakakaa bila kazi. Ghafla askari wanahitaji mabanda ya bati, barabara, kiwanja cha ndege (kile cha Reykjavik mjini mpaka leo ndege zinatua), na samaki wanaliwa Uingereza kwa bei nzuri. Kazi hizo wakaziita bretavinna, kazi za Muingereza. Pesa ikaingia mifukoni, bei za vitu nazo zikapaa.

Askari wakaongezeka mpaka kufika kama 25,000, na mabinti wakaanza kuonekana nao, basi mji mzima mdomo ni huo. Wakalipa jina, ástandið, maana yake "ile hali". Mtu akisema fulani yuko kwenye hali hakuna haja ya kuuliza hali gani. Uswahilini kabisa.

Kulikuwa na waliokwama nje pia. Oktoba 1940 meli yao Esja ilienda mpaka Petsamo, wakati ule kaskazini mwa Finland, ikarudi na watu 258 waliokuwa wamenasa nchi za huko vita ilivyofunga njia. Na usidhani kwa vile hawana upande basi risasi ziliwapita. Machi 1941 nyambizi ya Ujerumani iliishambulia boti ya uvuvi Fróði, wakafa 5. Ilikuwa inapeleka samaki Uingereza, ile ile biashara iliyojaza mifuko.

Julai 1941 Marekani ikaja kupokezana na Muingereza, safari hii kwa makubaliano na Iceland.

Najua utakimbilia kusema mbona walilipa, mbona hawakupiga mtu, huo sio uvamizi. Hapana bwana. Wenye nchi waliandika siku ile ile kwamba hatujawaita, wewe wa Rangi Tatu huwezi kuwasemea kwamba walikaribisha. Hela ilikuja baada ya buti.

Kwahiyo kreti ni ya mzee, na umpelekee za baridi.