Deliberate si makusudi tu

Nafundisha Kiingereza sekondari hapa Tabora, na neno linalowasumbua wanafunzi wangu kuliko wanavyodhani ni deliberate. Wamekariri kwamba maana yake ni "makusudi", basi. Kwa a deliberate lie, uongo wa kukusudia, wako sawa. Wanakwama wakisoma kuwa mzee fulani alipanda ngazi kwa slow, deliberate steps. Alipanda makusudi? Hapana. Alipanda taratibu, kila hatua akiipima.

Hapo huwa nawakumbusha warina asali, maana karibu kila darasa lina mtoto aliyewahi kumfuata babu au mjomba porini. Mrina hana pupa. Anatanguliza moshi, kisha mkono unaingia mzingani polepole, kwa sababu nyuki huchokozwa na vishindo na mikono inayorushwarushwa. Mwendo ule wa mkono ndio deliberate. Hakuna anayeuliza kama amekusudia. Kinachosemwa ni utulivu wake. Kamusi hulirudisha neno hili kwenye Kilatini, libra, yaani mizani, na mimi naona mizani hiyo bado imo.

Wapenzi wa soka wanaelewa upesi zaidi. Beki akiucheza mpira kwa namna ambayo sheria inaiita deliberate play, mshambuliaji aliyekuwa ameotea hahesabiwi kosa la kuupokea. Mwaka 2022 IFAB, watunga sheria za soka, walifafanua kwamba kunyoosha mguu kutaka kuugusa mpira hakutoshi. Mwamuzi aangalie: mpira ulitoka mbali? Beki aliuona vizuri? Alipata muda wa kuuweka mwili sawa? Kama alikuwa na nafasi hiyo kisha akauparaza vibaya, bado ni deliberate. Ubishi wa "alitaka, hakutaka" ninaousikia Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi haugusi kabisa jambo hilo.

Kwa hiyo ushauri wangu: ukikutana na neno hili, tazama nomino inayolifuata. Likiwa na kosa, uongo au shambulio, soma kukusudia. Likiwa na hatua, sauti au mwendo, soma utulivu na uangalifu. Ukitaka kusema nia peke yake, intentional haitakuangusha.

Na matamshi yachunge. Kivumishi huishia kwa mkato, karibu na "-ret". Ukivuta "-reit" umeshatamka kitenzi, kujadiliana kwa kina kabla ya kuamua.