"Cheeky monkey" si lazima iwe tusi, ila una haki ya kuuliza

Mkuu, umesema mwalimu wa chekechea huko Uingereza kamwita mwanao "a cheeky monkey" na damu ikakuchemka. Umeuliza pia "up to mischief" ina uzito gani. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee hapa Leeds, na misemo hii naisikia kila kukicha.

"Cheeky monkey" kwa Mwingereza ni mtoto mtundu mwenye mdomo, na anayesema mara nyingi anacheka. Bibi humwambia mjukuu wake aliyedokoa chipsi sahanini. Lakini hasira yako ina msingi. Mwaka 2018 kampuni ya nguo ya H&M walimvalisha mtoto mweusi sweta lenye maneno "coolest monkey in the jungle", wakaishia kuomba radhi, na Afrika Kusini maduka yao yakavamiwa. Kwa hiyo mfuate mwalimu taratibu, mwambie kwa mtoto wetu neno "monkey", yaani nyani, lina historia yake ya kutukania watu weusi, aishie kwenye "cheeky". Mwelewa hatabisha.

"Up to mischief" ni nyepesi: watoto wamejifungia chumbani, mna vicheko, kuna jambo. "Up to no good" usiichanganye na hiyo. Ukisema hivyo kuhusu kijana aliyesimama kona ya mtaa, umeshamfanya mshukiwa, na kijana mwenyewe anaweza kuwa anasubiri basi tu.

Kuna na "do yourself a mischief". Nilikuwa nageuza godoro peke yangu, bibi mmoja akanikemea kutoka kiti chake cha dirishani: "Don't do yourself a mischief, love!" Alikuwa anauhofia mgongo wangu, yaani nisije nikajiumiza. Neno "mischief" lilitoka Kifaransa cha kale likiwa na maana ya mkosi na madhara. Utundu wa watoto umedandia baadaye. Ndiyo maana "make mischief" kwa watu wazima ni fitina kabisa, kugombanisha ndugu. Na walioko ng'ambo ya Atlantiki wasilichezee: Kanada "mischief" ni kosa la jinai, kifungu cha 430, na New York au Texas "criminal mischief" ni kuharibu mali ya mtu. Huko ni mahakamani, si mambo ya kucheka.

"When the cat's away" haina haja ya mkalimani, sote tunajua paka akiondoka panya hutawala. Ile ya shetani kuwapa kazi wenye mikono isiyo na shughuli imo kwenye shairi la watoto la Isaac Watts la mwaka 1715, na wazee hapa bado wanawakemea nayo vijana wanaoshinda na simu.

Ninayoipenda mimi ni "butter wouldn't melt in his mouth". Ipo kwenye maandishi tangu karne ya 16. Mgeni akiisikia anadhani mtu anasifiwa upole, kumbe anasutwa: mpole kiasi kwamba hata siagi haiyeyuki mdomoni, na yote ni maigizo. Tuna mzee mmoja, saa ya chai huficha biskuti kwenye mkono wa sweta, kisha anakuangalia kama padri. Nesi akipita husema tu "butter wouldn't melt", mzee anatabasamu, makombo yanadondoka. Mwalimu akisema hivyo kuhusu mwanao, jua mtoto kashajulikana.

Mwisho, kama mpo huku Yorkshire, eneo lenye huu mji wa Leeds, wazee wana "Mischief Night", usiku wa tarehe 4 Novemba, mkesha wa fataki za kumkumbuka Guy Fawkes, yule wa njama ya kulipua bunge la Uingereza. Enzi zao waling'oa mageti ya majirani na kupaka sharubati nzito nyeusi ya sukari ("treacle") vitasa vya milango. Siku hizi kuna mitaa inayorushiwa mayai. Jioni hiyo ingiza pipa lako la taka ndani, na usishangae kengele ikilia ukafungua mlango usikute mtu.