Soma onyo la draiva kabla ya kulizima

Duka moja la jumla Kariakoo, jirani na Mtaa wa Kongo, linaendesha mauzo yake kwa seva ya Linux iliyowekwa chini ya ngazi. Asubuhi moja mama mwenye duka alinipigia: “Mwanangu, risiti hazitoki, njoo haraka.” Nilikuta diski imejaa pomoni. Faili la kern.log, ile logi ya ujumbe wa kerneli (kiini cha Linux), lilikuwa limemeza nafasi yote, na ndani yake ujumbe uleule umejirudia maelfu kwa maelfu: PCIe Bus Error, severity=Corrected.

Corrected hapo ina maana kwamba kosa lilitokea kwenye njia ya PCIe, ile inayounganisha kadi na ubao mama, na vifaa vyenyewe vikalirekebisha bila data kupotea. Nikaona ni kelele tu. Nikafuta logi, nikaongeza pci=noaer, agizo la kunyamazisha ripoti hizo, kwenye GRUB, programu inayoanzisha Linux, nikawasha mashine upya. Kimya. Nikapanda mwendokasi nikarudi zangu Kimara.

Wiki chache baadaye mtandao wa dukani ukaanza kukatika katikati ya mauzo. Wateja foleni, mama kanisimamia, nami napekua dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli, sioni cha kunisaidia. AER, ile sehemu ya kerneli inayoripoti makosa ya PCIe, ina madaraja matatu: yaliyorekebishwa, yasiyorekebishika ila kifaa bado kinaweza kuendelea, na yale mabaya kabisa. Noaer yangu ilikuwa imezima ripoti za yote matatu. Iliniuma sana, maana yule mama alinilipa kwa kuniamini.

Nilipoiondoa noaer, anwani ya kifaa ikajitokeza, 03:00.0. Lspci, amri inayoorodhesha vifaa vya PCI, ikaonyesha ni kadi ya mtandao. Kufungua boksi, kadi imelegea kwenye sloti na miguu yake ina vumbi lililogandana na unyevunyevu wa pwani. Nikaisafisha, nikaipachika sawasawa, maonyo yakakoma.

Kwa hiyo, ndugu fundi, anza na anwani. Jua kifaa kipi kinalia kabla hujagusa chochote. Halafu usichanganye skrini na logi: dmesg -n hupunguza kinachotokea kwenye skrini tu, ujumbe wenyewe unaendelea kuingia kwenye bafa (hifadhi ya muda) ya kerneli, na bafa ikijaa ule wa zamani hufutika. Ukishathibitisha kwamba onyo halina madhara, rsyslog, programu inayoandika logi, inakuruhusu kutupa ujumbe huo mmoja kwa maneno yake, mengine yote yakaendelea kuandikwa. Hapo diski inapona na wewe hujawa kipofu.

Kwa mnaoandika draiva, yaani programu zinazoendesha vifaa, kazi ni yenu zaidi kuliko yetu. Tumieni dev_warn_ratelimited, inayotoa onyo kwa kiwango maalumu: kwa kawaida hupitisha ujumbe 10 kila sekunde 5, na kerneli hutaja idadi iliyozuiwa. Ujumbe wa uchunguzi uwekeni kwenye dev_dbg, unawashwa ukihitajika. Ila dev_warn_once, inayotoa onyo mara moja tu, itumieni kwa uangalifu mkubwa. Hukumbuka mahali kwenye msimbo, haikumbuki kifaa. Mashine ikiwa na kadi mbili, ya kwanza ikishalalamika, ya pili haitasikika hata ikiwa mahututi. Wekeni alama ndani ya data za kila kifaa, kila kadi ipate onyo lake.