Kwa nini majirani walicheka mwanzo wa filamu yangu ya kutisha?

SWALI: Habari za kazi, mwalimu. Niko Mbale, natengeneza filamu fupi ya kutisha ya dakika 18. Inaanza jioni, msichana anateka maji kwenye pampu ya mkono. Nimeweka muziki wa kutisha tangu sekunde ya kwanza, jina la filamu linachuruzika damu, na kwenye sekunde ya 20 sura yenye meno inamtokea nyuma kwa ukelele. Majirani walishtuka kidogo, halafu wakacheka mpaka mwisho. Kosa liko wapi: kamera, muziki au uhariri?

JIBU: Ahsante, dada yangu. Kipande ulichotuma nimekitazama mara nne, mbili kati ya hizo nikiwa nimezima sauti. Kamera yako haina kosa la kukukosesha usingizi. Shida ni kwamba akiba yote umeimaliza katika sekunde 20. Umemshtua mtazamaji kabla hujamtia wahka, na mshtuko ukishapita mwili hulegea, kicheko kikatoka chenyewe. Majirani hawakukudharau, walikuwa wanashusha pumzi.

Tutenganishe maneno. Mshtuko ni nyoka kuchomoka chini ya mkeka bila mtu kumtarajia: sekunde mbili, basi. Taharuki ni pale mimi mtazamaji nimeuona mkia ukiingia chini ya mkeka, na sasa mtoto anakuja kukaa. Nyoka ni yule yule, ila sasa unaweza kunishikilia dakika tano bila kumwonyesha tena. Wahka ni kitu cha tatu, na ndicho mwanzo wa filamu unachokihitaji zaidi: mkia sijauona, lakini kuna jambo hapa haliko sawa na siwezi kulitaja.

Ili nihisi kwamba jambo haliko sawa, lazima kwanza unizoeze hali iliyo sawa. Pampu yako ni dhahabu, nawe umeifunika kwa muziki. Ondoa muziki wote katika onyesho hilo, usikilize kilichobaki. Mpini ukishuka unalia kwiii, ukipanda chuma kinagonga ko. Kwiii-ko, kwiii-ko, na vyura mtaroni. Acha hivyo sekunde 30 nzima katika shoti moja pana, kamera imetulia kwenye stendi, msichana umemweka kushoto kabisa na upande wote wa kulia ni mtupu: njia, migomba, giza linaloingia. Jicho la mtazamaji litakwenda kulia lenyewe kutafuta ile nafasi imeachwa kwa ajili ya nani. Usimjibu.

Kuna zawadi nyingine hapo. Sauti ya maji ndani ya jerikani hupanda kadiri linavyojaa, kwa kuwa nafasi ya hewa inapungua. Kila aliyewahi kuteka maji anaijua sauti hiyo kwa masikio, hata kama hajawahi kuiwaza. Ni saa inayohesabu, na hujailipia shilingi. Weka maiki karibu na mdomo wa jerikani uirekodi peke yake, hata kama ni siku nyingine.

Likikaribia kujaa, vyura wanyamaze. Wapunguze polepole kwa sekunde mbili hivi. Wakikatika ghafla mtu atauona mkono wako. Msichana anajitwika, anakuja upande wa kamera, pampu inabaki nyuma yake imefifia. Hatua ya sita au ya saba: kwiii. Mara moja tu, na ile ko isije.

Baki usoni mwake. Usikate kwenda kuonyesha pampu, hata roho ikikusukuma. Ana jerikani la lita 20 kichwani, yaani kilo 20 za maji. Hawezi kugeuza shingo haraka, na kila mtazamaji wetu analijua hilo kwa shingo yake mwenyewe. Muda anaouchukua kuamua ageuke au aongeze mwendo ndio filamu yako inaanza. Hapo kata kwenye weusi, jina lije kwa herufi ndogo nyeupe. Damu ifute.

Kumficha adui si ujanja wa maskini pekee. Katika filamu ya Jaws ya mwaka 1975, msichana anaogelea usiku mwanzoni kabisa na papa haonekani hata pezi. Tunachoona ni maji, na mwili wake unavyovutwa. Papa wa mitambo alikuwa akiharibika mara kwa mara katika maji ya chumvi, ikambidi mwongozaji Steven Spielberg apige picha nyingi bila papa huyo. Na filamu ya The Shining ya 1980 inaanza mchana kweupe: gari dogo la manjano kwenye barabara ya milimani, limepigwa kutoka helikopta, limekuwa kama siafu. Muziki wake umejengwa juu ya Dies Irae, wimbo wa kale wa Kilatini wa misa ya wafu. Hakuna kinachotokea pale, lakini kitu kinalifuata gari lile kutoka juu na hakisemi ni nini. Wewe hapo Mbale una milima ya Wanale inayoutazama mji mzima. Panda na kamera yako, mpige msichana akiwa kitone kwenye njia ya kwenda kisimani. Shoti moja tu, kabla ya pampu.

Sasa vipimo. Umepandisha sauti zote karibu na desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) sifuri, na katika sauti ya kidijitali sifuri ndiyo dari. Ukelele wako haukuwa na pa kwenda. Kwa kawaida sikio huhesabu ongezeko la desibeli 10 kama sauti imekuwa kubwa mara mbili, kwa hiyo shusha onyesho la pampu kwa desibeli 20, utakuwa umejipatia nafasi ya mara nne.

Ila kushusha si kuzima. Niliwahi kuacha sekunde tano za ukimya mtupu katika filamu iliyoonyeshwa kwenye kibanda cha video, na mwenye kibanda akainuka kukagua waya za spika. Watazamaji wa kule wamezoea sauti ya VJ, yule anayetafsiri na kusimulia filamu, juu ya kila kitu, kwa hiyo ukimya kamili kwao ni hitilafu ya mashine. Tangu siku ile, popote ninapopiga picha narekodi dakika moja ya mahali penyewe, watu wote wametulia, na hiyo ndiyo naitandika chini ya ukimya: upepo, mdudu mmoja, mbwa wa mbali.

Na ule mngurumo mzito uliouweka chini? Sikio la binadamu husikia kuanzia kama hezi 20 (hezi zikiwa chache sauti ni nzito), lakini spika ya simu haitoi chochote cha maana chini ya hezi 200. Watu wako wengi watatazama kwa simu, na mngurumo wa hezi 40 kwao haupo. Nakili sauti hiyo, nakala uipandishe oktavo tatu (kila oktavo huzidisha hezi mara mbili), uiweke kwa chini sana pamoja na ile ya asili. Sikiliza kwa simu kabla hujaamini kompyuta.

Mwanga wa jioni usiufukuzie siku moja. Karibu na ikweta jua likizama una dakika ishirini na kitu kabla giza halijafunga, na shoti ya mwisho haitalingana na ya kwanza. Nenda jioni tatu, saa ile ile, kila jioni shoti moja au mbili.

Ile sura yenye meno usiitupe, imetengenezwa vizuri. Isogeze hadi baada ya dakika ya 12, na sekunde chache kabla haijatokea turudishie sauti ya maji yakipanda ndani ya jerikani, safari hii ndani ya nyumba, usiku, wakati kila mtu amelala.