Haidrojeni Tatu Nzito

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nipo mwaka wa pili chuoni, nasoma biokemia. Mhadhiri katuambia ukitaka protini yenye isotopu nzito, unawalisha bakteria isotopu hiyo. Sasa si itaingia kila mahali? Anayeitaka sehemu moja tu anafanyaje? Na je, haina mionzi? – Binti wa Mwanza

JIBU: Marahaba, binti yangu. Umeligusa penyewe. Ukiwapa bakteria methionini nzito (methionini ni moja ya asidi amino, matofali ya protini; nzito ni yenye isotopu, yaani atomi za elementi ile ile zenye uzito zaidi), methionini zote za protini hiyo zitakuwa nzito, na hapo hujachagua kitu.

Mfano ninaoupenda wa kuchagua sehemu moja tu ni protini iitwayo saitokromu c ya moyo wa farasi, mnyororo wa asidi amino 104. Siyanojeni bromidi (sumu kali, haishikwi nje ya kabati la kufyonza moshi) huukata kila baada ya methionini. Methionini ziko mbili, namba 65 na 80, kwa hiyo vinatoka vipande vitatu. Cha kwanza, 1 hadi 65, kitunze: ndicho kilichoshika himu, ile sehemu yenye chuma na rangi nyekundu. Vingine viwili achana navyo. Mahali pao unajenga kipande kipya cha asidi amino 39, moja moja, kuanzia mkiani, juu ya chembe za plastiki, kwa njia aliyoitoa mwanakemia Merrifield mwaka 1963. Ukifika namba 80, weka methionini ambayo haidrojeni tatu za methili yake (kaboni moja yenye haidrojeni tatu) ni dutiriamu, yaani haidrojeni nzito.

Sasa changanya vipande viwili majini. Nimelieleza jambo hili mara nyingi na bado linanishangaza: vinajikunja pamoja kama zamani, ncha ya 65 inakutana na ya 66, kifungo kinajifunga chenyewe. Siri ni kwamba siyanojeni bromidi ilipokata iliiacha ncha ya 65 ikiwa kipete cha atomi kiitwacho laktoni, kilicho tayari kufunguka na kushikana. Unachopoteza ni kimoja: namba 65 sasa si methionini tena, ni asidi amino nyingine iitwayo homoserini.

Mwaka 2001 Floyd Romesberg na wenzake, huko California, waliimulika protini ya namna hiyo kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Kifungo cha kaboni na dutiriamu hutetemeka kwenye mawimbi 2100 hivi kwa sentimita, mahali ambapo vifungo vingine vya protini viko kimya. Wakaisikia methionini 80 peke yake, ile ile iliyoshika chuma cha himu.

Usidhani kila protini ina bahati hiyo. Nyingi zikikatwa hazirudiani. Kwa hizo iko mbinu ya Dawson, Kent na wenzao ya 1994: kipande chenye ncha ya thioesta (kifungo chenye salfa, chepesi kufunguka) hushikana na kinachoanza na asidi amino iitwayo sisteini. Mwaka 1998 Muir na wenzake walipata njia ya kutengeneza kipande cha thioesta kwa kutumia bakteria, na tangu hapo hata protini ndefu zikaingia kwenye mchezo.

Mionzi haipo. Dutiriamu ni isotopu tulivu, imo hata kwenye maji ya ziwa lenu, atomi kama 15 katika kila haidrojeni 100,000. Umeshayaoga na kuyanywa.